Mama Alivyotwezwa

Neno kutweza nililijua siku zile mama yangu alipotwezwa. Ilikuwa mwaka 1992, mtaani kwetu Nyamirambo, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili.

Mama alikuwa fundi cherehani. Akikushonea gauni, alikurudishia na mabaki yote ya kitambaa, hata kipande chembamba kama kidole, yamefungwa pamoja. Mafundi wote wa mtaa wetu walifanya hivyo. Mteja akikosa mabaki yake, fundi ni mwizi.

Siku moja niliokota sakafuni kipande chenye maua ya manjano, nikakitumia kufunika daftari langu. Nilidhani kimeachwa.

Alasiri akaja mwenye kitenge hicho, mama mmoja jirani. Akafungua mabaki palepale barazani, akayapanga juu ya gauni, moja moja.

"Fundi, ingine iko wapi?"

"Yote yamo humo, dada yangu."

"Basi imeruka. Vitenge vya siku hizi iko na mabawa!"

Wanawake waliokuwa wakisubiri wakacheka. Mama naye akajaribu kucheka. Mimi nilikuwa mlangoni, nimelikalia daftari.

Maneno yakafika bombani, yakafika sokoni. Bibi harusi mmoja akaja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa, akasema harusi imesogezwa mbele. Jumamosi ileile iliyokuwa imepangwa tukasikia vigelegele kwao.

"Wanamtweza mwanangu," akasema bibi yangu, aliyekuwa akiishi nasi. Nikamuuliza kutweza ni nini.

"Ni kumshusha mtu mbele ya wenzake, mpaka kazi yake na hata salamu yake vionekane si kitu. Kwa Kinyarwanda tunasema gusebya. Ukiibiwa sufuria utanunua nyingine. Yeye heshima atainunua wapi?"

Kesho yake nikamwonyesha mama daftari. Akalichukua. Nikamwambia, kwa sauti ndogo, twende kwa yule jirani nikaseme.

"Huendi," akasema. "Mimi wameshanishusha. Wakijua ni wewe, watakuita mwizi mpaka uolewe. Nyamaza, mwanangu."

Nikanyamaza karibu mwaka mzima. Magauni yakaacha kuja. Mama akabaki na viraka na sare za shule, na hata hao wenye sare walikaa karibu naye mpaka amalize, macho yao kwenye mkasi. Yeye, aliyekuwa akiimba akishona, sasa alishona kimya.

Ndipo nikaenda peke yangu kwa yule jirani, bila kumwambia mama. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno. Akafungua mlango, mikono ina unga.

"Ee, mtoto wa fundi! Mama amekutuma?"

Nikatikisa kichwa. Akangoja. Aliningoja vizuri tu, bila hasira. Nikaomba maji.

Akaniletea kikombe kimejaa. Nikanywa yote, nikamshukuru, nikarudi nyumbani bila kukitaja kile kipande.