Karibu, Wakesho Wangu

Wenzangu, wacha nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi nasomea kompyuta hapa Voi, na moyo wangu uko kwa Wakesho wa kwaya, ingawa yeye hakuwa anajua.

Mchungaji aliniomba programu ya kukaribisha wageni kanisani. Nikaandika fanksheni mbili, yaani vipande viwili vya programu, kila kimoja na kazi yake: ya kwanza iulize jina, ya pili imkaribishe mwenye jina. Ya kwanza ilifaa kuikabidhi ya pili lile jina. Mimi nikadhani, kwa kuwa ziko faili moja, zitasikizana tu kama wapangaji wa ploti moja Kaloleni. Ndani ya ile ya pili nikaacha jina la kujaribia, Wakesho, na "wangu" nikaongeza kwa raha zangu. Kila nikijaribu naandika Wakesho, nayo inajibu, "Karibu, Wakesho wangu." Nikajiona fundi kamili.

Jumapili, projekta ikimulika ukutani, Mchungaji akaandika jina lake, Mwakio. Ukuta ukajibu: "Karibu, Wakesho wangu."

"Kijana, huyu ni nani wako?"

"Ni mtandao, Mchungaji."

Akamwita Mama Mghoi, kiongozi wa akina mama, naye ajaribu. "Karibu, Wakesho wangu."

"Mwanangu," akasema Mama Mghoi, "mimi nina mume."

Kanisa zima likacheka. Nilikuwa nimeinama natafuta waya wa kuchomoa, Wakesho akashuka kutoka kwaya. Akaandika jina lake polepole, akasoma jibu, akanigeukia.

"Mbona kwangu inafanya kazi?"