Risasi Iliyokataa Melini

Ndelilio alirudi Sanya Juu mwaka 1994, mstaafu wa jeshi la wanamaji, mwenye masikio mazito. Kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa mzinga kwenye meli ya doria. Mzinga wenyewe haukuwa mkubwa: mitutu miwili, risasi nene kama gunzi la hindi, zikiingia kwa mkanda na kutoka mfululizo hata sitaha ikatetemeka. Ulihitaji watu wawili. Ndelilio alilenga na kutoa amri. Sirili, jirani yake wa huku huku kijijini, alilisha risasi.

Sirili alikuwa amerudi nyumbani miaka minane kabla yake, mkono wa kulia umebaki na vidole viwili. Kijiji kiliipokea habari kama Ndelilio alivyoieleza alipokuja likizo ya Krismasi: Sirili alifungua mzinga bila kungoja amri. Sirili alikana, wakamcheka kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, akaacha kubisha. Akajifunza kupogoa kahawa kwa mkono wa kushoto.

Kisha akafariki mzee aliyesimamia mfongo, mfereji unaoteremsha maji ya mlima mashambani mwetu. Tulikutana pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni ili kumchagua mwingine. Mama Mektrida, mjane ambaye migomba yake iko mwisho kabisa wa mfereji, alimtaja Sirili.

"Huyu haibi maji," alisema.

Primus, mwenye shamba la juu, akacheka. "Aliyeshindwa kungoja amri ya mzinga ataweza kungoja zamu ya maji? Afande Ndelilio, wewe ulikuwepo. Tuambie, meku, mzee wetu."

Wote wakamgeukia. Ndelilio akaweka kiganja sikioni, kana kwamba hakusikia. Alikuwa amesikia. Mkutano ukaahirishwa hadi Jumamosi, na Sirili akaondoka bila kumtazama.

Kesho yake Ndelilio alikata jani la isale mpakani mwa kihamba chake, shamba la nyumbani, akalipiga fundo, akaenda kwa Sirili. Kwetu anayeletewa isale hana budi kusamehe. Hata damu imewahi kusamehewa kwa jani hilo. Alimkuta akiwapa ng'ombe majani.

"Umekuja na nani?" Sirili aliuliza.

"Peke yangu, ndugu yangu."

"Kunichafua ulinichafua mbele za watu. Msamaha unakuja kuuombea zizini?" Hakunyoosha mkono. "Lilete Jumamosi. Sitalikataa."

Jumamosi Ndelilio alisimama mbele yetu, jani mkononi, macho chini.

"Tulikuwa kwenye mazoezi ya shabaha," alisema. "Risasi moja ikakataa kulipuka, na mzinga ulikuwa umechemka. Tulifundishwa kwamba ukiwa hivyo unauelekeza baharini na kuuacha upoe, maana ile risasi inaweza kulipuka yenyewe kwa joto. Lakini wakubwa walikuwa wanatazama, na meli ya pili ilikuwa inatushinda. Nikamwambia Sirili afungue. Akaniuliza, 'Tusingoje kwanza?' Nikamwita mwoga. Akafungua, ikamlipukia mkononi."

"Na walipokuja kuchunguza?" aliuliza Mama Mektrida.

"Yeye alikuwa hospitali. Niliulizwa mimi peke yangu."

"Ukasemaje?"

"Nikasema hakungoja."

Primus alikuna shingo. "Kumbe aliyetaka kungoja ni huyu," alisema polepole, bila kumwangalia mtu.

Sirili alilipokea jani kwa vidole vyake viwili. "Nimepokea," alisema, "kwa kuwa ni isale."

Hakuna aliyepinga jina lake tena. Akaanza kazi papo hapo, akigawa sehemu za kuzibua tope: Primus kule juu, Mama Mektrida asaidiwe, Ndelilio pale pale penye matope mengi, kwa sababu shamba lake linapakana napo. Alilitaja jina la Ndelilio kwa sauti ile ile aliyotumia kwa wengine.

Ndelilio akaitikia, akainama kutafuta jembe lake. Watu wakampisha, wakamwachia njia pana kuliko aliyoihitaji.