Unyoya wa Mkunga

Mkunga wa zahanati ya misheni kule Mbozi alinuka ugoro na hakuwa na adabu kwa mtu. Mtoto akizaliwa wa miezi saba, alimfunga kifuani pa mama yake, akakamua maziwa ya mama kwenye kikombe cha bati, akachovya unyoya wa kuku na kumdondoshea tone moja moja, huku akimgombeza mama: "Tulia! Ng'ombe wa misheni ana akili kuliko wewe."

Siku moja Mchungaji alikuja mbio na bakuli la maji, ambatize binti mchanga wa mama mmoja, Enesi, aliyezaliwa wa miezi saba, kabla hajafa. Mkunga hakuinua uso. "Keti, Baba Mchungaji. Mwenzio anakula." Akaketi. Mkunga alipomaliza, akausuuza unyoya wake kwenye bakuli lile.

Binti alibatizwa mwaka uliofuata, akamng'ata Mchungaji kidole.