Sala Iliyomkwama Wankyo

Katika kigango kile cha karibu na Bunda, padre alifika mara mojamoja tu. Jumapili nyingine zote sala aliiongoza Wankyo, mjane mwenye sauti ya kujaza kanisa zima. Lakini tangu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, kila alipofika kwenye "kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea," sauti ilimkatika. Waumini wakamalizia wenyewe, yeye akivutavuta ncha ya kanga.

Sababu waliijua. Mwaka 1974 Werema, mgambo, ndiye aliyechoma nyumba ya Wankyo kule Mugeta walikotoka, ili wahame kwa nguvu. Mama mzazi wa Wankyo, mgonjwa, alitolewa nje na kitanda chake, akanyeshewa, na kabla gari halijaja kuwachukua akakata roho. Walimzika harakaharaka, Werema akiwasimamia, wakaondoka.

Jumapili moja Werema aliingia kanisani, akaketi karibu na mlango. Wankyo akaanza Baba Yetu, miguu haitulii. Alipofika palepale akanyamaza, na safari hii hakuna aliyemalizia. Werema akainuka, akatoka.

Wankyo akamfuata mbiombio, watu wakabaki midomo wazi.

"Werema! Unaenda wapi?"

"Nakuharibia sala, mama. Huwa nakujaga mpaka hapa mlangoni, narudi. Leo nilijikaza niombe msamaha."

"Nikisema nimekusamehe, nitakuwa namdanganya Mungu."

"Sasa nifanye nini?"

Wankyo alikwenda huku, akarudi huku. Mwishowe akasema, "Kaburi la mama halina hata jiwe. Kesho twende Mugeta."

Wakaenda. Nyasi zilikuwa zimemeza kila kitu, lakini Werema alilifikia kaburi bila kuuliza. Akafyeka, akasomba mawe. Wankyo alishindwa kukaa. Alizunguka, akalia, akamtukana.

"Alikuwa anaomba maji. Ulimsikia?"

Werema akasimama na jiwe mikononi. "Nilimsikia. Nikageuka upande wa pili."

Wankyo akampokonya lile jiwe. Akalishika muda mrefu, Werema hakusogea. Kisha akainama, akaliweka upande wa kichwani.

"Lete lingine," akasema.

Jumapili iliyofuata aliisema sala yote, upesiupesi, kama mtu anayevuka mto uliojaa. Wakati wa kutakiana amani alipita katikati ya mabenchi mpaka mlangoni alipoketi Werema, akamnyooshea mkono.