Sahihi ya Shemeji Mheshimiwa

Mimi ndiye niliyesema tumwandike shemeji. Nalisema hili mapema, nisije nikajificha.

Mke wangu tulikutana kanisani, Sundbyberg, huku Uswidi. Katoka kisiwa cha Pasifiki ambacho sisi Wakongo tulidhani ni jina la sabuni. Binti yake alikuwa amemwacha kule kwa bibi yake, yaani mama mkwe wangu, na uhamiaji walitaka barua ya mlezi akikubali mtoto aje huku. Iwafikie kabla hajatimiza miaka kumi na minane. Tulikuwa na miezi mitano.

"Mama atasaini hata kesho," mke wangu akasema.

"Mama? Wee! Una kaka mbunge, halafu ulete sahihi ya bibi wa kijijini?"

Kwetu Bukavu, karatasi isiyo na jina la mkubwa ni ya kufungia karanga. Akanisogezea kalamu. Kwenye fomu, penye mlezi, tukamwandika mjomba mheshimiwa.

Wiki ileile serikali yao ikaanguka. Kule hakuna chama chenye wabunge wa kutosha. Wanaungana leo, kesho wanahamana. Kabla ya kura, kila upande huwafungia watu wake hotelini na kuwanyang'anya simu, wasirubuniwe. Shemeji naye akafungiwa. Tulipiga simu hotelini kila asubuhi kabla ya kazi, kwao jioni. Mapokezi wakajibu kwamba mheshimiwa haitwi.

"Tumrudie mama," mke wangu akasema.

"Subiri, kura ni kesho."

Shemeji akatoka akiwa waziri! Nilikaanga samaki, nikawatambia wenzangu kwenye treni ya Akalla. "Nasaini wiki hii, shemeji," aliniahidi. Kabla wiki haijaisha akahamia upinzani, waziri mkuu akang'olewa, naye akarudishwa hotelini, miezi ikakatika hivyohivyo. Loo! Nilimtukana mtu nisiyewahi kumwona, nimesimama jikoni Rissne, theluji inaanguka nje. Ningefanya nini? Sina kura kule, sina hata mtu wa kumpigia magoti. Mama mkwe alikwenda mara mbili na barua hadi getini. Walinzi walimrudisha.

Binti akatimiza miaka yake. Barua ikaja wiki tatu baadaye, shemeji kaisaini, ina mhuri mkubwa kama kisahani. Niliipeleka mwenyewe.

Karani, mama mmoja mpole, akatazama tarehe. "Sasa ni mtu mzima," akasema. Nikamweleza yote kwa Kiswidi changu kibovu: kura, hoteli, uwaziri wa siku chache. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwani msichana alikuwa akiishi na nani?"

"Na bibi yake."

"Basi bibi angetosha."

Nyumbani mke wangu alinipokea mlangoni, koti hata sijavua. Nikamwambia wamekataa kwa sababu ya tarehe. Akalia, akamlaani kaka yake. Anamlaani mpaka leo, nami namwitikia: kweli kabisa, mama, yule mtu ametuangusha.