Uso wa Sajini Ikupa

Watu wa Ikuti walipomuuliza Agness binti yake anafanya kazi gani, alijibu kwamba anaandika habari za wezi, kisha akahamia kwenye habari za migomba. Hakusema uongo. Binti huyo, Tusekile, alitoa riwaya yake ya kwanza ya upelelezi akiwa bado mwalimu kijana pale Tukuyu. Ilimhusu msimamizi wa shamba la chai aliyekutwa amekufa chini ya rundo la majani mabichi, na polisi wa kike, Sajini Ikupa, aliyemnasa muuaji kwa kunusa koti lake. Ilichapwa Mbeya kwenye karatasi hafifu, jalada likichuja rangi mikononi, na watu waliazimana mpaka ikachanika.

Jalada alilichora Saad wa mtaa wa Bulyaga, palepale Tukuyu, mtoto wa fundi cherehani aliyetokea Tanga. Wakati huo Saad alikuwa akichora mabango ya saluni na mabucha. Tusekile alimwambia tu kwamba Ikupa ni mwanamke mfupi wa makamo, mwenye hasira asiyoionyesha. Saad akarudi na uso, Tusekile akausogeza kwenye mwanga.

"Siye?" Saad aliuliza.

"Ndiye. Umemwona wapi?"

"Kwenye maneno yako, mwalimu."

Gazeti moja la katuni la Dar es Salaam liliposikia habari zao, likawaomba hadithi ya picha ya kila wiki. Basi kila Jumamosi, baada ya soko, walikaa kwenye baraza ya yule fundi, cherehani ikiunguruma nyuma yao. Tusekile alieleza kisanduku baada ya kisanduku: nani amesimama wapi, nani anatazama pembeni. Saad alichora huku akimkatia maneno. "Punguza hapo. Mvua nitaichora mimi." Walibishana, wakacheka, wakasahau chai mpaka ikapoa.

Miaka ikaenda hivyo. Walichokuwa nacho wote wawili walikijua, na hakuna aliyekitamka. Baba yake Tusekile alikuwa mzee wa kanisa. Mama yake Saad, Bimdogo, alimpenda Tusekile kwa dhati na hakumruhusu aondoke bila kula, lakini akimsindikiza mlangoni alimwombea dua ileile: "Mungu akujaalie mume mwema wa kwenu, mwanangu." Tusekile aliitikia amina, akashika njia.

Kisha gazeti likafa. Mjomba wa Saad akamwita Tanga akasimamie karakana ya rangi, na huko huko akaozwa. Siku ya kuagana alimpa Tusekile mkono, akaushika kidogo kupita kawaida, akapanda basi.

Tusekile alijaribu wachoraji wengine. Nelson wa Mbeya alikuwa hodari, alichora kwa kompyuta, lakini Ikupa wake alikuwa mrefu, kiuno chembamba, midomo inang'aa. Tusekile alimshukuru, akaachana na katuni moja kwa moja. Alibaki na riwaya, na simu zilipoenea akawa anawatumia wasomaji sura moja kila Jumatatu. Wachumba walikuja, akawakataa kwa upole. Alipostaafu kabla ya wakati ili kumtunza mama yake, Agness, huko Ikuti, kitu kimoja hakikumtoka: kabla ya kuandika tukio lolote, aliligawa kwanza katika visanduku, akasubiri mtu wa kumwambia apunguze maneno.

Mwaka jana Bimdogo akafariki. Tusekile alishuka Bulyaga, akajitanda kanga, akakaa ndani na wanawake. Saad alifika kesho yake na kukuta mama ameshazikwa. Watu walipopungua, Tusekile alitoka kukaa barazani, na Saad akavuta kiti karibu na chake. Ndevu zilikuwa nyeupe na miwani yake mizito.

"Pole, Saad."

"Nimeshapoa, mwalimu. Wewe je?"

"Nipo. Unachora bado?"

"Macho yamekwisha. Kisukari. Nasimamia vijana wanaopaka rangi malori, nao wananidanganya wanavyotaka." Alitabasamu. "Ila Ikupa simkosi. Binti yangu, Safina, hunisomea sura zako kila Ijumaa nikitoka msikitini."

Tusekile alitazama mikono yake mwenyewe. Miaka yote hiyo alidhani anaandika kwa watu asiowajua.

"Unamwonaje siku hizi?" aliuliza.

"Amezeeka kidogo. Bado mfupi. Wasomaji wengine sijui wanamwonaje, mimi namwona vizuri kabisa."

"Kwa nini hukunipigia hata mara moja?"

Saad alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, ingawa haikuwa na vumbi. "Ningekwambia nini, mwalimu, halafu nikarudi ndani nikale chakula cha mke wangu? Ni mwanamke mwema."

"Najua," Tusekile alisema, ijapokuwa hakumjua.

Walikaa hivyo mpaka ndugu wakamwita Saad ndani, kwenye kisomo. Siku iliyofuata aliondoka.

Tusekile sasa hutuma sura zake Alhamisi. Wasomaji waliozoea Jumatatu walinung'unika, wengine wakamuuliza kulikoni, naye akawajibu kwamba kazi za shamba zimembana. Ijumaa baada ya saa saba mchana haandiki. Hukaa jikoni na Agness wakimenya ndizi, na mama akimsemesha, mara nyingine inambidi arudie mara mbili ndipo asikike.