Saa ya Chumba cha Redio

Jina la Bi Chapuchapu alipewa na polisi wenyewe. Kwa miaka thelathini na mmoja alifagia kituo chao kuanzia mlangoni hadi mahabusu, mbio mbio, akiwaambia maofisa wenye nyota mabegani wanyanyue miguu apitishe dekio, nao wakanyanyua. Siku hizi amestaafu na goti moja limegoma, lakini ulimi bado uko kazini. Mwanawe wa kike, anayeishi naye, husema mama yake akinyamaza dakika tano ni lazima amguse paji la uso aone kama ana homa.

Mgeni aliyebisha hodi asubuhi ile alikuwa mama wa watoto wawili, mkoba wake umejaa makaratasi. Alijitambulisha: binti wa fundi cherehani, yule aliyefungwa miaka kumi na minane kwa kumuua mwenye nyumba wake. Baba yake alishatoka zamani. Sasa mapafu yamemchoka, na alitaka jambo moja tu kabla hajafumba macho, asizikwe akiitwa muuaji. Mahakama ilikubali kuisikiliza kesi upya. Mashahidi wengi walishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo binti alikuwa akimtafuta yeyote aliyewahi kufanya kazi kituoni.

Akaeleza taratibu. Siku ya mauaji, jirani alisikia ukelele akapiga simu papo hapo. Askari wa redio akaliita gari la doria, akaandika daftarini: saa kumi na dakika ishirini alasiri. Wakati huo fundi alikuwa ametoka zahanati na huyu huyu binti, mtoto wa miaka mitatu mwenye pumu. Kitabu cha zahanati kinaonyesha alitia saini ya dawa saa kumi na dakika tano. Kutoka pale hadi nyumba ya marehemu ni mwendo wa robo saa. Hesabu ikamkaa fundi shingoni.

Bi Chapuchapu alikuwa akimimina chai. Akasema, kama mtu anayezungumzia mawingu, kwamba saa ya chumba cha redio ilikuwa mbele robo saa siku zote. Mkuu wa kituo alichoshwa na wachelewaji wa zamu, akaamuru iwekwe hivyo. Kila Jumatatu yeye Bi Chapuchapu alipanda juu ya stuli, akaitia ufunguo na kuisogeza, maana ilikuwa kongwe na ilipenda kurudi nyuma. Askari wote walijua. Wakitaka kwenda nyumbani walitoa robo kichwani, ila daftarini waliandika walichokiona ukutani, ili vitabu vya kituo visigombane.

Kikombe cha mgeni kilibaki hewani.

"Shangazi," akasema polepole, "basi jirani alipopiga simu, baba alikuwa bado anatia saini dawa yangu. Hukuwahi kumwambia mtu?"

"Nani angeniuliza, mwanangu? Mimi nilikuwa wa dekio."

Ndipo maneno yake mwenyewe yakamrudia, akaliweka birika chini. Mahakamani hakukanyaga wakati ule. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu anafungwa kwa saa aliyoisogeza yeye.

Mgeni alipoondoka, mwanawe Bi Chapuchapu akamjia juu mama yake. Aachane na mambo hayo. Wakubwa wake wote wamekufa, mzigo atatwishwa yeye peke yake, na kwa uzee huu atauguzwa wapi, jela?

"Nitaubeba," mama akasema. "Nimebeba ndoo maisha yangu yote."

Kizimbani wakili wa serikali, kijana wa viatu vinavyong'aa, alimuuliza kama anajua kusoma saa. Akajibu kwamba anajua, na hiyo ya ukutani kwa mheshimiwa inahitaji kufutwa vumbi. Watu wakacheka. Wakili hakucheka. Akauliza kama mahakama inatakiwa kulitupa daftari la polisi kwa kumbukumbu za mfagiaji.

"Msiniamini mimi, mwanangu. Liaminini daftari. Fungueni ukurasa wowote."

Akawaeleza. Makao makuu walivijulia hali vituo vyote redioni kila siku saa sita kamili za mchana, wala hawakuchelewa hata siku za mvua. Jaji akafungua ukurasa. Salamu za makao makuu zilikuwa zimeandikwa saa sita na robo. Akafungua mwingine, robo ileile. Akaenda mpaka siku ya mauaji: saa sita na robo. Akavua miwani. Wakili akaketi.

Hukumu ilifutwa wiki ya pili. Barazani, nje ya mahakama, Bi Chapuchapu alimwendea fundi.

"Ni mimi niliyekuwa naisogeza ile saa," akasema.

Fundi, ameshikwa mkono na bintiye, alivuta pumzi mara mbili ndipo akapata sauti. "Nakukumbuka. Ulikuwa unaniletea maji mahabusu." Akamtazama toka shingoni hadi pindo. "Gauni hilo nani kakushonea? Bega moja limepanda juu. Lilete kesho nilirekebishe."

Akalipeleka, limefuliwa na kupigwa pasi. Mwanawe alimsindikiza kwa ajili ya goti, naye akalazimika kungoja hadi adhuhuri, kwani wazee hao wawili walikuwa wakibishana juu ya mikono ya gauni: fundi anataka mifupi, Bi Chapuchapu anataka mirefu.